Kumhoji mzazi au nkambo aliyefanya kazi ya sheria: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa vijana wa Lubumbashi wanaotaka kurekodi maisha ya baba, mama, nkambo (babu au bibi) au baba mukubwa aliyekuwa avoka (wakili), juji (hakimu), grefye (karani wa korti) au mtu wa parke (ofisi ya mashtaka). Wengi huanza kwa kuuliza simu ipi inarekodi vizuri. Jibu la hilo liko chini, na ni fupi. Simu ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii.

Ni nkambo wangu mwenyewe, tunakula bukari pamoja. Kuna haja gani ya kujiandaa?

Mtu aliyepitisha maisha yake kortini amezoea kuuliza, hakuzoea kuulizwa. Ukimwambia "Nkambo, tuelezee kazi yako", atakusomea hotuba: utangulizi, kifungu cha sheria, hitimisho. Ukiwa mwepesi atakugeuzia kibao: "Unaposema rushwa, una maana gani? Una ushahidi?" Juji mstaafu ana ugonjwa mwingine. Atakuamuru uandike, neno kwa neno, kama vile wewe ni grefye wake.

Maandalizi yanakusaidia kufika na maswali madogo, yenye mahali na mwaka, ambayo hayajibiki kwa hotuba. "Asubuhi ya kesi yako ya kwanza ulifika pale mahakamani kwa miguu au kwa nini?" Hilo halina kifungu. "Toji ya kwanza ulinunua au uliazima, na kwa nani?" Akisikia toji, lile joho la kortini, mzee atacheka, na kazi imeanza.

Nani katika familia anafaa kuuliza?

Kwetu mtoto hamkatizi baba yake, na kuna mambo ambayo baba hawezi kumwambia mtoto bila kuona haya. Lakini nkambo na mjukuu wana utani wao. Mjukuu anaweza kumwita nkambo "mume wangu" au "mchumba", akamuuliza kama kweli aliwahi kupoteza kesi kwa sababu alichelewa, na nyumba nzima ikacheka. Tumieni hilo. Mjukuu aulize, mtoto mkubwa akae pembeni na daftari akiandika majina na miaka.

Aliyesomea sheria katika familia asiwe muulizaji mkuu. Wawili hao wataanza kujadili vifungu, na ninyi wengine mtalala.

Nianze kutafiti wapi kabla ya kumhoji?

Anza kwa kujua alifanya kazi gani hasa. Katika familia zetu kila aliyevaa toji anaitwa "juji", na hata aliyebeba mafaili parke anaitwa "prokireri". Tofauti ni kubwa. Juji anakaa na kuhukumu. Majistra wa parke anasimama na kushtaki. Avoka yuko kwenye baro, chama cha maavoka, na anapita kwanza katika staji (mafunzo ya kazi) ya miaka 2. Defanseri judisieri, yule mtetezi ambaye watu humwita avoka pia, anatetea mbele ya Tripaix (tribinali ya amani) na TGI (tribinali kubwa iliyo juu yake) tu. Hao wawili, avoka na defanseri, wamepangwa na sheria ya Septemba 28, 1979. Halafu kuna grefye, wisie anayepeleka barua za korti mlangoni mwa watu, mnotari, opeji (ofisa wa polisi anayepeleleza makosa), na mwanasheria wa kampuni ambaye huenda hakuwahi kusimama kortini hata siku moja. Katika mji huu uliojengwa na makampuni ya madini, Union Minière na baadaye Gécamines, hao wa mwisho si wachache.

Kama mnayemhoji ni mzee sana, au mnamuuliza kuhusu baba yake, kumbukeni pia korti za kienyeji. Amri ya Aprili 15, 1926 ilizitambua, na katika mitaa ya Waafrika wa Élisabethville (jina la zamani la Lubumbashi), Kamalondo kwa mfano, kulikuwa na tribinali za mtaa zilizosikiliza ugomvi wa ndoa, madeni na mahari, na watu walijieleza kwa Kiswahili. Nkambo aliyekuwa juji au karani huko hakusoma chuo kikuu. Hilo lisiwafanye mharakishe sehemu yake. Mimi ningekaa hapo muda mrefu kuliko popote.

Ni miaka ipi ya nchi ambayo lazima niijue?

Ile iliyogusa kazi yake. Chukua karatasi, andika maisha yake upande mmoja na mambo ya nchi upande wa pili, uone yanapogongana. Maswali mazuri yanatoka hapo.

Mfano: siku ya uhuru, Juni 30, 1960, korti za majuji waliosomea sheria zilikuwa mikononi mwa Wabelgiji. Shule ya taifa ya sheria na utawala, ENDA, ilianzishwa Léopoldville (Kinshasa ya leo) mwaka 1961 ili kuandaa Wakongo haraka. Lakini kuanzia Julai 11, 1960 hadi Januari 1963 hapa kwetu kulikuwa na serikali ya Katanga iliyojitenga, ya Moïse Tshombe. Kwa hiyo mtu aliyekuwa karani wa korti Élisabethville miaka hiyo anaweza kuwa na barua ya kazi yenye kichwa *État du Katanga*. Muulize karatasi hiyo ilimletea faida au taabu ilipofika 1963.

Aliyezaliwa miaka ya 1950 ana swali lake. Mwaka 1971 vyuo vikuu viliunganishwa kuwa chuo kimoja cha taifa, UNAZA, na sheria ikawa inasomwa Kinshasa. Kijana wa Katuba, hapa mjini, aliyetaka kuwa avoka alilazimika kuvuka nchi nzima. Alikwenda kwa nini, alilala wapi, Kilingala alikijulia wapi? Mwaka 1981 Unilu, chuo kikuu cha Lubumbashi, ikarudi kujitegemea. Na usishangae kukuta diploma ina jina moja na kadi ya baro ina jina jingine: mwaka 1972 majina ya Kikristo yaliachwa, na jina la Joseph likapotea kwenye karatasi. Muulize alilichukuaje jina jipya, na nani alimchagulia.

Sheria zenyewe pia zilibadilika mikononi mwake. Ile ya ardhi ya Julai 20, 1973 ilisema ardhi ni ya Dola, na kesi za lupango (kiwanja) zinaendelea mpaka leo. Kodi ya familia, yaani kitabu cha sheria za familia, ilikuja Agosti 1, 1987. Aliyefanya kazi na makampuni atakuambia kuhusu Septemba 2012, OHADA, sheria za biashara za pamoja za nchi kadhaa za Afrika, ilipoanza kutumika nchini, na maavoka wenye mvi wakarudi kukaa darasani. Mwaka 2013 mpangilio wa korti ulibadilishwa kufuatana na Katiba ya 2006, iliyoigawa Korti Kuu ya zamani: Korti ya Kasasyo, Baraza la Dola na Korti ya Katiba.

Si lazima ujue yote. Jua matatu au manne, na uyajue vizuri, kwa sababu akiona unayajua ataacha kukufundisha na ataanza kukusimulia.

Baba alikuwa majistra, kazi ikakatika ghafla mwaka 1998. Nyumbani hatuongei habari hiyo. Nimuulize?

Huenda alikuwa kati ya wale majistra 315 waliofukuzwa kwa amri moja ya Rais Laurent-Désiré Kabila mwezi Novemba 1998. Nyumba nyingi zilibeba jambo hilo kama aibu ya faragha, wakati lilikuwa jambo la nchi nzima. Muulize, ila usianze na amri yenyewe. Anza na asubuhi ya habari: alisikia redioni au aliletewa na mtu? Nani alifika nyumbani wiki ile, na nani aliacha kufika? Watoto walilipiwa shule na nini mwaka uliofuata?

Umwachie pia mlango wa kutokea. Mwambie mapema, "Papa, swali hili ukiliruka tutaendelea na lingine." Wengi wakishajua wanaweza kuliruka, wanalijibu.

Siri ya kazi je? Avoka anaruhusiwa kunisimulia kesi za wateja?

Hapana, si kila kitu, na usimsukume. Kifungu cha 73 cha kitabu cha pili cha kodi ya makosa ya jinai kinamwadhibu anayefichua siri aliyokabidhiwa kwa sababu ya kazi yake: kifungo cha mwezi 1 hadi 6 pamoja na faini. Kustaafu hakumfungui mdomo, na kifo cha mteja vilevile. Juji naye ana siri ya mashauri ya ndani: walikaa watatu wakakubaliana hukumu, na nani alisema nini mle ndani si habari yako.

Yanayobaki ni mengi mno. Katiba ya Februari 18, 2006, vifungu vya 20 na 21, inasema vikao vya korti ni vya wazi na hukumu inatangazwa mbele ya watu. Yaliyosemwa mbele ya watu yanaweza kusimuliwa. Chumba kilivyokuwa kimejaa, mama aliyezimia hukumu iliposomwa, prokireri aliyekuwa na sauti nyembamba na kila mtu akamwogopa, hayo si siri ya mtu. Mwombe asimulie aina ya kesi bila majina: "kesi ya ndugu wawili na lupango moja", basi. Ukiona anasita, usitoe jina ulilolisikia mtaani ili kumthibitishia. Kwa kufanya hivyo unamtega.

Na kama alishughulika na kesi iliyojulikana na kila mtu?

Soma kwanza yaliyo hadharani. Lubumbashi imeona nyingi. Kesi ya mauaji ya Oktoba 2004 huko Kilwa ya Katanga iliishia mbele ya Korti ya kijeshi ya Katanga kwa hukumu ya Juni 28, 2007. Kesi ya Gédéon Kyungu, mkuu wa wanamgambo wa Mai-Mai, ilisikilizwa Kipushi, akahukumiwa kifo Machi 2009, na Septemba 2011 akatoroka gereza la Kasapa. Juni 2016 Tripaix ilimhukumu mwanasiasa Moïse Katumbi kifungo cha miezi 36 katika kesi ya nyumba, na baada ya muda mfupi rais wa tribinali hiyo akaandika kwamba alishinikizwa.

Hata hivyo, maoni yangu ni haya: kesi kubwa ndiyo sehemu dhaifu kabisa ya mahojiano mengi. Kila mtu anaijua, na mzee ameshaisimulia mara nyingi mpaka imelainika kama jiwe la mtoni. Iweke mwisho. Muulize kwanza kuhusu Jumatatu ya kawaida: karatasi ya role, orodha ya kesi za siku, imebandikwa mlangoni, watu wamebanana koridoni, kesi inaahirishwa kwa sababu shahidi hakuletewa barua, mteja analia kwamba nauli imekwisha. Muulize kesi za pro deo, zile alizopewa na baro kumtetea asiye na pesa. Hapo ndipo wengi walijifunza kazi, na hakuna aliyewahi kuwauliza.

Nitaulizaje habari ya rushwa bila kumtusi?

Usimuulize "Ulikula?" Hata msafi atakasirika. Uliza kuhusu mshahara, kisha unyamaze. Mshahara wake wa kwanza ulitosha kununua magunia mangapi ya mahindi, na wa mwaka 1993 je? Mwaka huo zaire mpya 1 ilichukua mahali pa zaire za zamani milioni 3. Mwaka 1998 ikaja faranga ya Kongo, 1 kwa zaire mpya 100,000. Ukimtajia tarakimu hizo, mwenyewe atakueleza majuji waliishije, nani alilima mahindi nje ya mji, nani aliuza mafuta barazani, na bahasha ilikuwa inaingiaje ofisini. Atasema "wenzangu". Mwache aseme "wenzangu".

Shinikizo la wakubwa lina njia yake pia: "Kuna simu uliyopigiwa ambayo hukuipenda?" Swali hilo linajibika kwa ndiyo tu, na ndiyo hiyo inatosha kuandikwa.

Mama ndiye alikuwa avoka. Maswali ni yaleyale?

Karibu yote, ila ana sura nyingine ya kusimulia ambayo mwanamume hana. Kodi ya familia ya 1987, kifungu cha 448, ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume kwa matendo ya kisheria yanayomfunga yeye binafsi. Sheria ya Julai 15, 2016 ndiyo iliyoiondoa. Fikiria mama aliyekuwa akisimama kortini kumtetea mwanamume mwenye mali, akirudi nyumbani akute kwamba mkataba wake mwenyewe unahitaji sahihi ya mume. Muulize lini hasa iligongana naye: benki, nyumba ya kupanga, kabineti yake (ofisi ya avoka)? Muulize wateja walisema nini walipofungua mlango wakakuta ni mwanamke. Muulize nani alilea watoto siku kesi ilipochelewa mpaka usiku. Kama ni wewe uliyelelewa na yaya yako siku hizo, nyamaza umsikilize anavyolisimulia.

Tuongee kwa lugha gani?

Ile mnayoongea nyumbani, na mruhusu achanganye. Kazi yake aliiandika kwa Kifaransa na aliisikia kwa Kiswahili, mara nyingine kwa Kibemba au Kiluba kupitia mkalimani. Akitoa plediri, hotuba yake ya kortini, ataruka kwenye Kifaransa. Akimwigiza shahidi wa Kenya, komini ya hapa Lubumbashi, ataongea Kiswahili cha huko, na kuiga huko ni nusu ya utamu. Ukimlazimisha lugha moja "ili video ipendeze", umeipoteza.

Mahali, saa na vifaa?

Asubuhi, kabla ya wageni kuanza kupita. Simu mbili zikirekodi, zote zimechajiwa usiku, kwa sababu umeme una mambo yake. Moja iwe karibu na kifua chake, juu ya kitambaa, siyo mezani ambapo anagonga vidole. Epuka Jumapili ukiwa na kanisa jirani. Mvua ya Januari juu ya mabati inafunika sauti yote, hivyo kama mna nafasi ya kuchagua, kiangazi cha Mei hadi Agosti kinafaa zaidi. Saa 1 inatosha kwa kikao, halafu chai.

Mwanzoni kabisa sema kwa sauti tarehe, mahali na majina ya waliopo. Yeye mwenyewe atafurahi: ndivyo alivyofungua kila prosè-verbali (ripoti rasmi ya kikao).

Nimwombe karatasi zake?

Mwombe akuonyeshe, na usiziondoe. Farde (jalada la karatasi) moja kuukuu inafanya kazi kuliko maswali kumi. Diploma, kiapo, barua ya kuhamishwa kwenda Kolwezi au Kalemie, picha ya siku ya kiapo na rabati nyeupe kifuani. Mshike picha pamoja na aanze kutaja watu kutoka kushoto. Ukigeuza picha utakuta mara nyingi kuna mwandiko wa mtu mwingine, jina la studio na mwaka. Piga picha pande zote mbili. Faili za wateja ziache zilipo, hata kama mchwa wameanza kuzila. Hizo zinarudi kwenye ile siri ya kifungu cha 73, na shauri la kuzifanyia nini apewe mrithi wa kabineti yake au baro.

Alipeleka watu kwenye adhabu ya kifo. Niguse hilo?

Ukiwa mnahojiana mara ya pili au ya tatu, ndiyo. Nchi ilikaa tangu 2003 bila kutekeleza adhabu hiyo, mpaka serikali ilipoondoa zuio hilo Machi 2024, kwa hiyo wazee wengi waliotamka au kuomba hukumu hiyo wamelazimika kuifikiria upya wakiwa wameshastaafu. Uliza alilala vipi siku ile. Usimuulize kama alikosea. Akinyamaza, hesabu mpaka ishirini moyoni kabla ya kufungua mdomo. Hapo vijana wengi huharibu, wanajaza kimya kwa swali jingine.

Kumbukumbu zake zimeanza kuchanganyika. Bado inafaa?

Inafaa, na msichelewe. Taja mahali badala ya miaka. Wazee wa hapa wanashika njia vizuri kuliko tarehe: kutoka nyumbani Kamalondo mpaka mahakamani, alipita wapi, alinunua gazeti kwa nani. Kasapa peke yake ni swali, maana chuo kikuu kipo huko na gereza lipo huko, naye huenda alikwenda kwa yote mawili. Akichanganya miaka usimsahihishe mbele ya watu. Andika pembeni.

Kuna kesi ya lupango ya familia yetu, na yeye ndiye aliyeisimamia. Tuitumie nafasi hii kumuuliza?

Hapana. Itisheni kikao cha familia kwa jambo hilo. Rekodi ya maisha yake ikigeuka kuwa ushahidi wa ndugu dhidi ya ndugu, hatakaa tena mbele ya simu yenu.

Tunaweza kuiweka Facebook au kuirusha kwenye WhatsApp ya familia?

Kwa ruhusa yake, kipande kwa kipande. Familia ya Bruxelles na ya Ndola itataka kusikia, na kutoka kwenye kundi la familia sauti inafika mjini siku hiyohiyo. Kifungu cha 74 cha kodi ileile kinaadhibu kumtupia mtu jambo linaloharibu heshima yake, na majina ya watu walio hai yamejaa katika rekodi kama hizi. Toeni nakala yenye majina yaliyokatwa kwa ajili ya wote, na nakala kamili ibaki kwa watu wawili mnaowaamini.

Mkitaka ihifadhiwe nje ya familia, ulizeni idara ya historia ya Unilu. Mji huu una desturi ya kukusanya maisha ya watu kwa mdomo: mradi wa *Mémoires de Lubumbashi* ulianza mwaka 2000, na wanahistoria kama Donatien Dibwe dia Mwembu walikwenda kuwasikiliza wafanyakazi wa Union Minière majumbani mwao. Watu wa sheria wa hapa hawajasikilizwa kiasi hicho.

Nimeandika mahojiano, nikampa asome. Ameyafuta karibu yote na kuyaandika upya kwa Kifaransa cha korti. Nifanye nini?

Hilo hutokea kwa karibu kila mwanasheria. Alicheka, aliimba, alimwigiza wisie mlevi, na sasa karatasi inasema "tulikabiliana na changamoto za utekelezaji". Pokea masahihisho yake kwa heshima, yaandike jinsi alivyotaka, mpe asaini na kuweka tarehe. Sauti ya kwanza usiifute. Muulize kama inaweza kubaki kama ilivyo kwa wajukuu, na uandike jibu lake kwenye ukurasa uleule.